Mwezi wa kwanza: machache anayohitaji mtoto, na mengi ya kukataa kwa adabu

Ukijifungua mtoto wa kwanza, nyumba hujaa watu na watu hujaa maneno. Mama mzazi ana lake, mama mkwe ana lake, wifi aliyezaa juzi ana lake, na jirani aliyeleta kuku wa supu hataondoka bila kuacha na ushauri. Wote wanakupenda. Lakini ukiyatekeleza yote uliyoambiwa, mtoto wa wiki moja atakuwa amekunywa maji ya sukari na dawa ya chango, amepakwa wanja, amefungwa uzi shingoni, amekamuliwa vifua na kuvikwa sweta mbili katika joto la Dar es Salaam. Mtoto mchanga anahitaji maziwa yako, joto la kadiri, usafi, na jicho linaloona mapema kwamba kuna kitu hakiko sawa. Katika siku 28 za mwanzo kazi yako ni kuyalinda hayo na kuzuia mengine yasimfikie.

Tuanze na maziwa, maana hapo ndipo mama wengi wa mara ya kwanza hukata tamaa. Mtoto awekwe kifuani pako, ngozi kwa ngozi, aanze kunyonya ndani ya saa moja tangu azaliwe. Aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza, muuguzi akimsaidia kumshika mtoto. Maziwa ya siku mbili tatu za mwanzo ni mazito, ya manjano, tena machache, na uchache huo ndio unaowatia watu hofu: maziwa hayajatoka, mtoto ana njaa, mpeni glukosi. Hofu hiyo haina msingi. Siku ya kwanza mtoto hutosheka kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai kila anaponyonya, na matone yale ya manjano yamejaa kinga ambayo hakuna duka linaloiuza. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4, pengine baadaye kidogo kwa aliyefanyiwa upasuaji. Kinachoyaleta ni kunyonya kwenyewe. Mtoto aliyeshibishwa maji hunyonya kidogo, na akinyonya kidogo mwili wako hutengeneza kidogo. Ndiyo maana mama aliyeanza na kikombe kimoja cha glukosi hujikuta wiki ya pili akisema maziwa yamekauka.

Namna ya kumshika mtoto ina uzito kuliko chakula chochote utakachopikiwa. Kaa mahali pa kuegemea, mabega yameshuka. Mlete mtoto kwenye titi. Usijikunje kulipeleka titi kwake. Tumbo lake liguse lako, na sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja, asinyonye huku amepinda shingo. Pua ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja aachame sana, kisha umsogeze mara moja, kidevu kikitangulia. Akishika vizuri, sehemu kubwa ya weusi wa titi, hasa upande wa chini, imo mdomoni, mdomo wake wa chini umepinduka nje, mashavu yamejaa, na utamsikia akimeza. Mwanzoni unaweza kuhisi maumivu kwa muda mfupi. Yakiendelea, basi ameshika chuchu peke yake. Usiumie kimya ukidhani ndiyo uzazi. Pitisha kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, mtoe, anza upya, hata ikiwa ni mara ya tano usiku huohuo. Chuchu iliyopasuka ipakwe maziwa yako mwenyewe na kuachwa ikauke kwa hewa. Ikishindikana kwa siku mbili, nenda kliniki ukamwombe muuguzi akuangalie ukiwa unanyonyesha. Hilo ni ombi la kawaida kabisa.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku moja, usiku ukiwemo. Usingoje alie. Kabla ya kilio atageuza kichwa huku na huku, atalamba midomo, atapeleka ngumi mdomoni. Siku za mwanzo wengine ni walalaji. Akipitisha muda wa saa 3 bila kunyonya, mwamshe: mfunue nguo, msugue nyayo, mweke kifuani. Kujua kama anashiba, hesabu mkojo. Siku ya kwanza huenda ukapata nepi moja yenye mkojo, ya pili mbili, na kuanzia siku ya 5 au 6 ziwe sita au zaidi, mkojo ukiwa mweupe. Choo huanza cheusi chenye kunata, hugeuka kijani, na kufikia siku ya 5 kinakuwa cha manjano na chepesi. Kwa sababu hii napendekeza nepi za kitambaa kwa wiki ya kwanza, kwa anayeweza kuzifua na kuzianika juani. Pampasi hunywa mkojo na kukuficha hesabu. Uzito nao hushuka mwanzoni, hadi asilimia 10 ya ule aliozaliwa nao, kisha hurudi kabla wiki ya pili haijaisha au karibu na hapo. Mizani ya kliniki isikutishe siku ya tatu.

Halafu maji. Hata Januari ya Dar, hata Tanga mchana wa jua kali, mtoto anayenyonya hahitaji maji mpaka atimize miezi 6, kwani karibu sehemu tisa kwa kumi za maziwa ya mama ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mwenye kuhitaji maji ni wewe: weka kikombe karibu kila unapokaa kunyonyesha. Mtori wa Uchagani, uji wa pilipili manga na supu ya pweza ya Pwani vyote ni vizuri, kwa kuwa vinakupa nguvu na majimaji, lakini hata mama anayekula ugali, maharage na mchicha hutoa maziwa kamili.

Neno moja kwa mama anayeishi na VVU: unaweza kunyonyesha. Meza ARV zako kila siku bila kuruka, mpe mtoto dawa ya kinga kama ulivyoelekezwa, na miezi 6 ya kwanza asipewe kitu kingine pamoja na maziwa yako. Kumchanganyia vyakula na vinywaji mapema ndiko kunakoongeza hatari.

Sasa tuje kwenye kukataa. Jambo hili huachwa nje ya ushauri wa hospitali, na ndilo gumu kuliko yote, maana unayemkatalia ni mtu unayemwamkia shikamoo.

Mfano ulio wazi ni dawa ya chango. Watoto wengi, kuanzia wiki ya pili au ya tatu, hulia sana jioni bila sababu ya kuonekana. Kilio huongezeka hadi karibu wiki ya 6, kisha hupungua, na kufikia mwezi wa tatu au wa nne huwa kimetulia. Mtoto anakunja miguu, tumbo limekaza, uso umeiva, na mzee mmoja atasema ni chango, aletewe mizizi ya kuchemsha. Dawa hiyo haina kipimo, maji yake hayajulikani yalikotoka, na ini na figo za mtoto wa wiki tatu hazijakomaa kuweza kuihimili. Badala yake mbeushe kila anapomaliza kunyonya, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, tembea naye ukiwa umembeba, punguza taa na kelele. Ukiona uvumilivu umekwisha, mkabidhi mtu mwingine. Kama uko peke yako, mlaze mahali salama, toka nje, vuta pumzi kisha urudi. Kamwe usimtikise mtoto. Ubongo wake huumia kwa kutikiswa.

Yapo mengine ambayo siyo ya kujadiliwa hata kidogo. Mtoto akipata homa na kuharisha, kuna watakaosema ana meno ya plastiki na kukuelekeza kwa mtu wa kuyang'oa. Kinachong'olewa ni vichipukizi vya meno yake halisi, vinavyoonekana vyeupe chini ya ufizi, na huchimbuliwa kwa kifaa kichafu. Watoto wamepoteza damu, wamepata maambukizi, na wengine wamekufa kwa jambo hili. Kukata kimeo kwa sababu mtoto anakohoa ni vilevile. Homa, kuharisha na kikohozi ni mambo ya kituo cha afya. Degedege pia: mtoto akikakamaa au kutetemeka, usimfukize wala usimpeleke kwa mganga. Ni dharura ya hospitali.

Katika yasiyo ya kufa na kupona, chagua vita vyako. Wanja uachwe, kwa sababu aina nyingi zina risasi, madini yenye sumu, nayo humwingia mtoto mwilini. Kukamua vifua vya mtoto vilivyovimba kukatazwe: uvimbe huo hutokana na homoni zako, huwapata wa kike na wa kiume, huisha wenyewe, na kukamua huleta jipu. Uzi wa shingoni unaweza kumnyonga. Lakini bibi akitaka kumwombea dua, kumpa jina la nyumbani, au wewe usitoke nje mpaka arobaini itimie, hakuna kinachoharibika, ilimradi zile siku za kliniki zisihesabiwe kuwa ni kutoka.

Na namna ya kukataa? Anza ukiwa bado mjamzito. Mwombe mama mkwe akusindikize kliniki siku moja, na umwachie mkunga aseme mbele yake. Neno la mkunga halimvunjii mtu heshima. Baada ya kujifungua, litumie neno hilo kama ngao: "Mama, wameniandikia kwenye kadi asipewe kitu mpaka miezi sita. Nikimpa, siku ya kliniki nitaulizwa." Kisha mpe mzee kazi yenye hadhi. Bibi aliyelea watoto wengi anajua kumshika mtoto kwenye beseni kuliko wewe, anajua kumbembeleza alfajiri ili ulale. Mtu aliyepewa nafasi hatafuti nafasi nyingine kwa kikombe cha mizizi. Na kila mtu azungumze na mama yake: mume aseme na wa kwake, wewe useme na wa kwako. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa baba mwajiriwa angalau siku 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kusema na mama yake ndiyo shughuli ya kwanza ya kuzitumia.

Kitovu kinataka uachane nacho. Kiwe kikavu, wazi, juu ya nepi, bila majivu, mate, poda, dawa ya meno wala mafuta. Mkunga akikupa dawa ya kupaka, tumia hiyo pekee. Nawa mikono kabla ya kukigusa. Mara nyingi hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Wapo wanaoishi kwa hofu kwamba kikidondokea sehemu za siri za mtoto wa kiume, hatazaa ukubwani. Si kweli, kiokote, uendelee na shughuli zako. Cha kuogopa ni ngozi kuzunguka kitovu kuwa nyekundu, usaha au harufu mbaya.

Kumwogesha kungoje angalau saa 24 tangu kuzaliwa, kwani mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi. Baada ya hapo maji ya vuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko, na sabuni kidogo vinatosha. Si lazima kila siku. Kumkanda kwa mafuta laini ni jambo jema, ila kuvuta viungo, kubonyeza utosi na kumrusha juu hapana. Mvike tabaka moja zaidi ya ulizovaa wewe. Shingo na kifua viwe na joto bila jasho. Wa Njombe na Lushoto watahitaji kofia na soksi, wa Pwani mara nyingi watahitaji dirisha wazi.

Jambo moja lisilosemwa mara kwa mara: nguo zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini, naftalini. Watu wengi wa sehemu zenye malaria wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, bila wao kujua. Mtoto mwenye upungufu huo akivishwa nguo yenye naftalini, au akiviringishwa kanga ya kale iliyotoka sandukuni nayo, chembe zake za damu hupasuka na anapata manjano makali. Usitumie naftalini kabisa kwa vitu vya mtoto. Nguo za kurithishwa zifuliwe na kuanikwa vizuri kwanza.

Manjano yenyewe ni ya kawaida kwa watoto wengi kuanzia siku ya 2 au ya 3. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, uachie, utazame rangi. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, yakifika viganjani au nyayoni, au mtoto akiwa mlegevu asiyenyonya, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kumwanika juani asubuhi hakutibu manjano makali. Hospitali zina taa maalumu za bluu, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa ubongo.

Alale chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito karibu na uso, ndani ya chandarua. Nyumba nyingi mama na mtoto wako kitanda kimoja, hilo nalijua. Basi asilale katikati ya watu wawili, asilale na aliyekunywa pombe au anayevuta sigara, na usimnyonyeshe ukiwa na usingizi kwenye kochi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, liwe la kupasha joto au la kuchemshia maji. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mlango ukifungwa inaua.

Kuna vitu vitakavyokushtua na havina neno: kwikwi, chafya, ngozi kubambuka, madoa ya bluu-nyeusi makalioni, tone la damu kwenye nepi ya mtoto wa kike wiki ya kwanza. Na kuna ambavyo havingoji kesho. Mtoto ameacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, ukimhesabia dakika nzima, au kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi. Ana joto la 37.5 au zaidi kwapani, au amepoa chini ya 35.5. Hasogei mpaka aguswe. Amepata degedege. Kwa mtoto wa umri huu hakuna "tumwangalie mpaka asubuhi". Tanzania ina mfumo wa m-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba ni 115, haina malipo. Iandike ukutani, waonyeshe wote mnaoishi nao.

Hata mtoto akiwa mzima, mahudhurio ya baada ya kujifungua yapo: ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Hakikisha kwenye kadi kwamba amepata BCG ya kukinga kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio kabla hujatoka kituoni. BCG huvimba wiki kadhaa baadaye, hutoa kidonda kidogo na kuacha kovu. Usikikamue wala kukipaka kitu.

Na wewe je? Kwenye mahudhurio hayo watu hukumbuka kumpima mtoto na kumsahau mama. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma: yote haya ni safari ya hospitali, hata siku ya 20. Ukikandwa tumbo, maji yawe ya moto wa kustahimilika, maana wapo mama wameungua. Na mwenye mshono wa upasuaji asikandwe. Kulia bila sababu siku ya tatu au ya nne huwapata wengi na hupita. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, ukakosa usingizi hata mtoto amelala, ukaona huna haja naye au unawaza kujidhuru, mwambie mtu na umwone daktari. Ni ugonjwa, una tiba, wala hauna uhusiano na ukosefu wa imani. Kuhusu kubemenda, mtoto hadhuriki kwa wazazi wake kukutana. Kinachomdhuru ni mimba nyingine kuja haraka na maziwa kukatishwa, kwa hiyo zungumza na mkunga juu ya uzazi wa mpango mapema.

Kwa mwajiriwa, likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, na ukirudi una haki ya hadi saa 2 kwa siku za kwenda kunyonyesha. Wiki mbili kabla ya kurudi anza kukamua kwa mkono: vidole viwe nyuma ya weusi wa titi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, usivute chuchu. Maziwa hukaa muda wa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, pungufu ya hapo siku ya joto kali, na siku 4 jokofuni. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi, kinachooshwa kwa urahisi kuliko chupa. Awe amekaa wima, kikombe kigusishwe mdomo wa chini, naye alambe mwenyewe bila kumiminiwa. Atakayebaki naye, awe bibi au dada wa kazi, afanye hivyo mbele yako kwa siku kadhaa, ajue hakuna maji wala dawa ya chango, azijue zile dalili za hatari, na simu yake iwe na salio.